Mwalimu wa Theluji Kule Ruwi

Mwalimu hakuwa mtu wa kuachiwa bakuli la sukari. Ukimkaribisha chai, kabla hujakaa ameshaliinamisha bakuli polepole kwa kidole kimoja, anangoja aone ni wakati gani punje zitaanza kuteleza. Zikiteleza hutikisa kichwa, ameridhika, kisha ndipo atie sukari kwenye kikombe, vijiko vitatu, na daktari ameshamkataza hata kimoja. Wenyeji waliomzoea walikuwa wakiondoa kitambaa kizuri cha meza kabla hajaingia.

Alisomesha jiografia hapa Maskati mpaka akastaafu, lakini si jiografia iliyompa jina kwetu. Ujanani alipelekwa kusoma katika nchi ya baridi, na huko, kila likizo ya majira ya baridi, alifanya kazi na wanaume waliolinda barabara moja ya mlimani. Kazi yao ilikuwa kupanda juu ya barabara asubuhi, kuichimba theluji, kuitazama, na kuteremka kusema kama magari yapite au yasipite. Halafu akaja kuishi Ruwi, mtaa wa hapa hapa Maskati, ghorofa ya tatu, juu ya mafundi cherehani, ambako barafu ni ya kwenye friji tu. Akawa na elimu ambayo hakuna mtu mtaani mwake aliyeihitaji.

Tulioihitaji ni sisi. Tulikuwa kikundi cha watu tisa, familia za Kiswahili za hapa, watu wa ofisini na mahospitalini, tuliopenda kutembea milimani. Ijumaa asubuhi tulipanda majabali ya juu ya Matrah, au tuliingia mabonde ya kuelekea Yiti. Kila mwisho wa mwaka tulipanda ndege kwenda milima ya Kaukazi kutembea kwenye theluji, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu. Safari ya mwisho kaka yangu alifukiwa na poromoko la theluji, akafa. Nalisema mapema ili mtu asikae akilingojea. Na la pili nalo nilitoe: kabla ya poromoko lile theluji ilitoa ishara chini ya miguu yangu, niliisikia, nikanyamaza. Miaka minne nilikwenda kwa Mwalimu kila wiki nikiwa na nia ya kumwambia, na kila wiki nilirudi sijamwambia. Sasa na yeye hayupo.

Somo lake la kwanza alilitoa jikoni kwake, kwenye sinia kubwa la wali. Alimwaga unga wa ngano akaukandamiza kwa kiganja. Juu yake akanyunyiza sukari, safu nyembamba. Juu ya sukari akachekecha unga mwingine, mwingi, akaupigapiga mpaka ukashikana. Kisha akaanza kulinyanyua sinia upande mmoja. Tulikuwa tumelizunguka, watu wazima, na vikombe vya kahawa mkononi. Kwa muda halikutokea jambo. Halafu unga wa juu ukapasuka kwa mstari mmoja, ukateleza wote kwa pamoja, ukamwagikia magoti ya kaka yangu. Sote tulicheka, na Kaka alicheka kutushinda.

Mwalimu hakucheka. Alieleza kwamba mwanzo wa majira ya baridi theluji huanguka kidogo, kisha hukaa kweupe, bila wingu, siku nyingi. Ardhi bado ina joto lake, huku juu usiku ni baridi kali, na ile theluji iliyo katikati hugeuka punje zisizoshikana. Ikija nyingine nzito juu yake, ikapigwa na upepo ikawa ngumu, inalala juu ya sukari. Watu huogopa katikati ya majira, theluji inapofika madirishani. Yeye aliogopa wiki za mwanzo, wakati mawe bado yanaonekana na mgeni anadhani kidogo hakidhuru. "Ile kidogo ndo yenye khatari," alikuwa akisema. "Nyingi angalau unaiona."

Alitufundisha pia kuiuliza. Unachimba shimo mpaka ardhini, unakata nguzo ya theluji yenye upana wa koleo, unalaza koleo juu yake, kisha unapiga kwa mkono: mara kumi kwa nguvu ya kiganja, kumi kwa nguvu ya kiwiko, kumi kwa nguvu ya bega. Unahesabu imevunjika pigo la ngapi, na imevunjikaje. Ikiporomoka mapema na kuchomoka safi kama droo, unarudi nyumbani. Kwa kuwa Maskati hatuna theluji, tulijifunza ufukweni Yiti, kwa mchanga ulioloa. Watu wazima tisa tumepiga magoti, tunapiga makofi juu ya mchanga na kuhesabu kwa sauti. Wavuvi wa pale walitutazama kwa huruma, na mmoja akatuletea maji.

Huyu huyu aliyepima kila kitu mlimani, Ruwi alikuwa akivuka barabara popote alipo, bila kutazama kulia wala kushoto, mkono mmoja ameunyanyua kana kwamba magari ni wanafunzi wake. Alikataa kupanda lifti kwa miaka, hata siku ya kubeba mchele, kwa hoja kwamba hakuona nani alikagua kamba zake. Sigara hakuiacha. Mlimani alitaka tubishane naye, lakini kwenye mchezo wa dhumna ukimbishia jiwe moja anakununia mpaka wiki ijayo. Nilimpenda kwa hayo yote, na nadhani alijua.

Nyumbani kwake palikuwa na kipimajoto kila chumba na kingine nje ya dirisha. Ukimpigia simu kumjulia hali, anakupa kwanza joto la dirishani, la jana na la leo, ndipo aseme yeye hajambo. Sebuleni ukuta mzima ulijaa picha za safari zetu. Nilizitazama mara nyingi sana kabla sijagundua kwamba zote ni za kileleni. Mwalimu ambaye sifa yake ilikuwa kujua wakati wa kurudi hakuwa na picha hata moja ya mahali tulipogeuka.

Lakini kilichomfanya awe Mwalimu kwetu kilikuwa desturi moja. Kila tulipofika mahali pa hatari alitusimamisha, akauliza mmoja mmoja: twende au turudi? Na alianza na mdogo kwa umri. Watu wa kwetu hawakuzoea hivyo. Sisi mkubwa hutangulia mlangoni, hutangulia kwenye sinia, hutangulia kusema. Mwanzoni wazee wa kikundi waliona ni utovu wa heshima. Mwalimu alisema mkubwa akishatamka twende, mdogo hana jingine la kusema ila twende, kwa sababu ya malezi mema aliyopewa. "Adabu nzuri kwenye chakula," alisema. "Mlimani inazika watu." Mtu mmoja akisema turudi, tulirudi.

Mdogo wa kikundi nilikuwa mimi. Kaka alinizidi miaka kumi na miwili. Baba alifariki nikiwa sijaanza skuli, na Kaka ndiye aliyenipeleka siku ya kwanza, ndiye aliyenifundisha gari, ndiye aliyekuja na mimi benki Ruwi siku nilipoanza kazi, akakaa kwenye viti vya wateja mpaka adhuhuri ahakikishe sijafukuzwa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumtangulia kusema. Mara ya kwanza Mwalimu aliponiuliza mimi kwanza, nilimtazama Kaka usoni nipate jibu. Mwalimu akasogea akasimama katikati yetu, akauliza tena.

Mwaka mmoja, bonde moja la kuelekea Yiti, niliona wingu jeusi nyuma ya mlima na kusema turudi. Bonde lile ni jembamba, na maji ya mvua iliyonyesha mbali yakishuka, mtu hana pa kupandia. Tuligeuka. Tulikaa pembeni ya barabara tukinywa chai ya chupa mpaka alasiri, mbingu safi, hata tone halikuanguka. Kaka akanibandika jina: Mama Mawingu. Lilinifuata mpaka kwenye maharusi. Mwalimu aliwakatiza, akasema neno lake ambalo sote tulilijua kwa moyo, "Aliyerudi bure, karudi," yaani hata aliyegeuka bila sababu amefika kwao mzima. Ila ndani ya gari siku ile alikuwa kimya njia nzima.

Sasa siku yenyewe. Theluji ya kwanza ilianguka majuma kadhaa kabla hatujafika, kisha kukawa kweupe, kisha siku mbili za theluji mpya na upepo. Ni ile ile hali ya kwenye sinia, na sote tuliijua. Asubuhi Mwalimu alichimba shimo, akakata nguzo, akapiga. Ilivunjika kwenye mapigo ya kiwiko. Si vizuri, si vibaya sana. Aliandika kwenye daftari, akautazama ule ukingo wa juu kwa muda mrefu. Miaka miwili mfululizo tulikuwa tumegeuka chini ya ukingo ule ule. Akasema tutasogea mpaka chini ya mteremko, tuutazame kwa karibu.

Tulitembea sehemu ya tambarare kwa mstari, mimi nyuma kabisa. Mwalimu alikuwa ametangulia, amegeuka anatungoja. Ndipo theluji ikaguna. Siwezi kuieleza zaidi ya hapo. Ni sauti nzito, ya chini, kama mtu amekaa juu ya godoro chumba cha pili, na wakati huo huo unahisi ardhi imeshuka kidogo chini yako. Ni ile safu ya sukari inavunjika. Alitufundisha kwamba ukiisikia hiyo huna haja ya shimo wala hesabu, mlima umeshakujibu. Nilisimama. Walio mbele yangu waliendelea kutembea. Nikajiambia labda ni mimi tu, labda ni wingu jingine la Yiti.

Tulipofika chini ya mteremko Mwalimu aliuliza. Alimuuliza Kaka kwanza. Nilidhani ni baridi, upepo ulikuwa unatupiga usoni, nilidhani amesahau. Kaka alikuwa amechoka na mtu yeyote angeona, lakini hakupenda aonekane anawachelewesha watu. Akasema twende, Mwalimu, tumeshafika. Wa pili akasema twende, na wa tatu, na wote. Zamu ikanifikia mwisho. Kaka akanitazama akasema, "Leo hakuna mawingu, Mama Mawingu." Nikasema twende.

Tulivuka mmoja mmoja. Mwalimu alipita salama. Kaka alikuwa wa pili, na alipofika katikati theluji ilipasuka kwa mstari mmoja juu yake, ikamfukia. Tulikuwa na vifaa vya kutafutana, na tulimpata kwa muda mfupi kuliko tulivyowahi kufanya mazoezini. Nilichimba kwa koleo langu. Sikumbuki uso wake. Nakumbuka glavu yangu ya kushoto ilikuwa imelowa na niliona usumbufu.

Baada ya hapo sikuhisi kitu. Watu wanadhani nilijikaza. Sikujikaza, nilikufa ganzi. Nilitia saini karatasi za kumsafirisha, nilikaa siku tatu za azaa, matanga ya hapa, nikiwamiminia wanawake kahawa, na Jumapili iliyofuata, ambayo hapa ndiyo mwanzo wa wiki ya kazi, nilirudi benki nikafungua akaunti za watu. Mama alilia kwa ajili yetu sote wawili. Mimi nilingojea kilio changu kije, hakikuja, nikazoea.

Siku ya pili ya azaa Mwalimu aliomba kumuona Mama. Aliketi chini karibu na mlango, mtu wa umri wake, akasema yeye ndiye aliyekuwa kiongozi na lawama yote ni yake. Mama akamwambia ajali haina kinga, ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na kwamba Kaka alimpenda kama mzazi. Nilikuwa nyuma ya mlango na trei ya vikombe. Tangu hapo kila Ijumaa Mama alipika chakula cha Mwalimu, pilau au mchuzi wa papa, akanipa nimpelekee. "Mtu mwema yule," alikuwa akisema huku anafunga kifuniko. "Na yeye kafiwa, watu hawamuoni."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mwalimu miaka minne ya mwisho, kwa bakuli la chakula. Kikundi kilivunjika. Hakupanda tena hata majabali ya Matrah. Alikaa kitini akiniambia joto la dirishani, nami nikimwambia habari za benki, na baina yetu binti yake akileta kahawa na tende. Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni, fupi, niliipanga njiani kwenye gari. Nilikuwa nangoja anyamaze. Akinyamaza, nangoja aseme kitu.

Mwaka huu moyo wake ulichoka. Hospitali walimrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni, na Jumanne moja binti yake akanipigia kazini: Baba anakuuliza, usingoje Ijumaa. Nilitoka saa tisa nikaenda kwa miguu, si mbali. Nilimkuta kitandani karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomjua, mashine inanguruma chini ya meza. Nilimpa shikamoo, akaitikia. Hakunipa joto la dirishani. Binti yake akatuacha, nikaona kwamba safari hii hakuna kahawa itakayoniokoa.

"Mwalimu, nna neno," nikasema. "Siku ile, kabla hatujafika mteremkoni, niliisikia theluji inaguna chini yangu. Nilijua ni nini. Sikusema."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi. Aniambie si kosa langu, au aniambie ni kosa langu, au alie. 

"Najua," akasema. "Nilikuona umesimama."

Nikamuuliza alikuwa na maana gani, ingawa nilishaelewa.

"Mie nlikuwa nimegeuka, nakutizameni nyote. Weye ukasimama, ukanyanyua kichwa. Nikajua umesikia nini, mwanangu. Na nikajua nikikuuliza weye mwanzo, utasema turudi." Alingoja pumzi. "Nlikuwa sitaki kurudi. Mwaka wa tatu ule. Ndo nikamuuliza kaka yako."

Nilimuuliza mbona hakusema, siku zote hizo. Akasema kila Ijumaa alikuwa akikusudia, nami nikiingia na chakula cha Mama, anashindwa.

Nilikasirika. Ilikuwa hasira hasa, ya moto, ilinipanda mpaka masikioni, na baada ya miaka minne ya ganzi nilikaribia kuifurahia. Nilimkasirikia yeye kwa kuniruka na nilijikasirikia mimi kwa kurukwa, maana mdomo nilikuwa nao na zamu yangu ilinifikia, hata kama ilikuwa ya mwisho. Nilitaka kumwambia kwamba Kaka alikuwa amechoka na yeye aliona. Nikamwambia. Akasema ndiyo, aliona. Hakuniomba msamaha, na sijui ningempa kama angeomba. Mpira wa oksijeni ulikuwa umechomoka nyuma ya sikio lake. Niliurudisha, nikauweka sawa, nikatoka. Alifariki kabla ya Ijumaa.

Lakini nilipotoka pale bado alikuwa hai, na nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Mama alikuwa sebuleni anatazama tamthilia yake. Aliniuliza nimemkutaje Mwalimu. Nikasema hali si nzuri. Akasema maskini, mtu mwema kama yule, kesho atampikia supu ya kuku maana wali utamshinda, na akaanza kunyanyuka ende jikoni kutoa kuku kwenye barafu.

"Mama, kaa kitako," nikamwambia. "Zima hiyo televisheni. Nna neno la Kaka."

Aliizima. Alikaa, akaweka mikono mapajani, akanitazama. Nikaanza na kosa langu.